Kubadilishwa maji ya damu: madhara na tahadhari

Yapo maradhi ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Mfano ni Guillain-Barré, unaolegeza miguu, kisha mikono na hata misuli ya kupumua. Mojawapo ya tiba zake ni kubadilisha plazma, yaani maji ya manjano ya damu. Mashine huyatoa, na chembe za damu hurudishwa mwilini pamoja na albumini au plazma ya mchangiaji.

Kwa kawaida tiba hii ni salama, lakini ina madhara yake. Dawa inayozuia damu isigande ndani ya mashine hushika madini ya kalsiamu, hivyo midomo na vidole huweza kuingia ganzi au kuchomachoma. Usinyamaze; muuguzi atapunguza kasi ya mashine au utapewa kalsiamu. Sema pia ukiona kizunguzungu, kwani presha huweza kushuka. Plazma ya mchangiaji huweza kuleta mwasho, vipele au kubanwa pumzi. Homa na kutetemeka huweza kuashiria vijidudu vilivyopitia mpira wa mshipani.

Muhimu zaidi: kama unameza vidonge vya presha vya kaptoprili au enalaprili, mweleze daktari mapema. Vikikutana na tiba hii, presha huweza kuporomoka ghafla. Kwa kawaida husimamishwa angalau saa 24 kabla, lakini usiviache bila ya ushauri wake.