Dereva wa tripu na dereva wa mshahara: Presha ni ile ile

Madereva wawili wanaweza kutoka bandari ya Mombasa siku moja, kila mmoja na kontena lake, wakaelekea Malaba, safari ya zaidi ya kilomita 900. Mmoja ameajiriwa na kampuni kwa mshahara wa mwezi. Mwenzake hupigiwa simu na wakala mzigo unapopatikana, na hulipwa kwa tripu.

Magonjwa yao hayatofautiani sana. Kuketi kutwa, kula usiku chakula cha mafuta na chumvi nyingi na kulala vipande vipande huleta unene, shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya kiuno. Tofauti huonekana wanapofika kwa daktari. Wa mshahara huomba cheti cha kupumzika. Wa tripu huuliza kama atakuwa amepona kufikia Ijumaa.

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili, na 7 zaidi kwa nusu malipo, kila mwaka. Sheria hiyo pia humlinda kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaofika mwezi mmoja. Lakini anayeendesha lori la huyu leo na la yule kesho atathibitisha vipi? Kwake, siku ya kulala kitandani ni siku bila unga. Ndiyo maana huja akiwa amechelewa.

Hata hivyo, usidhani kwamba wa tripu hujuta kila mara. Wapo walioniambia hawatarudi kwenye kampuni kamwe, kwa sababu wanaweza kukataa mzigo na kwenda matangani bila kumbembeleza mtu. Naye aliyeajiriwa ana hofu yake: mkubwa akijua ana kisukari, huenda akamwondoa safari ndefu na marupurupu yakaisha. Kwa hivyo wote wawili huficha.

Sheria ya Trafiki hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Anayelipwa kwa tripu hana wa kumhesabia saa hizo, na wengi hutafuna miraa ili wakeshe. Miraa haiondoi usingizi, huuahirisha tu, huku ikipandisha presha na mapigo ya moyo. Utafiti uliochapishwa 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na umakini kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu.

Sasa tuje kwa dawa, maana hapa ndipo wengi hupotelea. Baadhi ya tembe za presha humfanya mtu akojoe mara kwa mara. Dereva aliye kwenye foleni ya mizani pale Mlolongo ataziacha wiki ya kwanza, na hatamwambia daktari. Mwambie! Zipo nyingine, kama amlodipini, zinazomezwa mara moja kwa siku bila shida hiyo, ingawa huweza kuvimbisha miguu. Omba dawa za miezi miwili, na uziweke ndani ya begi, si juu ya dashibodi penye jua. Usiache kunywa maji ili usisimame njiani; figo ndizo zitakazolipa. Na ukinunua tembe za mafua, uliza kwanza kama zinaleta usingizi.

Tangu Oktoba 2024 mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii. Wa tripu hana wa kumkatia. Asipojilipia mwenyewe, gharama ya kulazwa humwangukia yeye na mkewe.

Pima presha kila mwezi. 140 kwa 90 au zaidi, mwone daktari. Ikifika 180 kwa 120, na kichwa kinauma sana, macho yana ukungu au kifua kinabana, egesha lori na utafute hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo.