Otto von Guericke na Nguvu za Hewa

Hewa haionekani, haina rangi wala harufu, na kwa sababu hiyo watu tangu zamani wameihesabu kuwa si kitu. Debe lisilo na maji wala nafaka husemwa kuwa ni tupu, ijapokuwa limejaa hewa hadi ukingoni. Mtu aliyewaonyesha walimwengu waziwazi kwamba hewa ni kitu chenye uzito na nguvu nyingi hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa meya wa mji uliokuwa umeteketezwa kwa moto.

Mtu huyo aliitwa Otto von Guericke. Alizaliwa mwezi wa Novemba 1602 huko Magdeburg, mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Elbe, katika jamaa ya watu wenye cheo. Alisoma sheria katika vyuo vya kwao, kisha akaenda Leiden katika nchi ya Uholanzi kujifunza hesabu na ufundi wa kujenga maboma. Aliporudi aliingia katika baraza la mji. Wakati huo Vita vya Miaka Thelathini vilikuwa vimekwisha kuanza, na Magdeburg ulikuwa mji wa Waprotestanti uliokataa kumtii Kaizari. Mwezi wa Mei 1631 majeshi ya Kaizari Ferdinand wa Pili yalivunja maboma yakaingia. Watu wapatao 20,000 waliuawa kwa silaha na kwa moto, na nyumba nyingi zikawa majivu. Guericke aliokoka, lakini mali yake yote ilipotea.

Baadaye alirudi akashiriki katika kazi ya kuujenga mji upya, na mwaka 1646 akawa mmoja wa mameya wake. Kazi hiyo ilimpeleka safari nyingi kwa wafalme na mabalozi ili kuutetea mji wake upunguziwe mizigo ya vita na kurudishiwa uhuru wake wa zamani. Katika nafasi chache alizozipata kati ya safari hizo ndipo alipofanya uchunguzi wake.

Swali lililomsumbua lilikuwa la kale. Je, inawezekana pawepo mahali patupu kabisa, pasipo kitu chochote, hata hewa? Wafuasi wa Aristotle, mwenye hekima wa Kigiriki, walikuwa wamefundisha kwa karne nyingi kwamba haiwezekani, kwa kuwa maumbile huchukia utupu na hukimbilia kuujaza mara moja. Guericke aliona kwamba mabishano ya maneno peke yake hayatalimaliza jambo hilo. Aliandika wazi kwamba mbele ya mambo yaliyothibitishwa kwa majaribio, ufasaha wa maneno hauna thamani.

Basi alitwaa pipa la pombe, akalijaza maji na kuliziba vizuri. Chini yake alitia bomba la shaba, mfano wa yale yaliyotumiwa kurushia maji ya kuzimia moto. Alidhani kwamba maji yakivutwa yote nje, ndani hapatabaki kitu. Watu wenye nguvu wakavuta. Mara ikasikika sauti ndani ya pipa, kama ya maji yanayochemka: hewa ilikuwa ikipenya katika vitundu vya mbao. Akaliweka pipa dogo ndani ya pipa kubwa lenye maji, na bado halikufaa. Ndipo alipoacha mbao akaagiza tufe la shaba, na safari hii hakutia maji bali alivuta hewa yenyewe. Kazi iliendelea vizuri hata watu wawili wakawa wanasukumana na mpini kwa shida, kisha ghafula tufe likabonyea lote kwa kishindo kikubwa, kama kitambaa kinavyofinywa mkononi. Wote walishtuka. Guericke alitambua kwamba fundi hakulifanya liwe duara kamili, na kwamba penye ubapa ndipo hewa ya nje ilipolikandamiza. Aliagiza jingine, la mviringo barabara, nalo likasimama.

Mtu aliyewahi kutumia pampu ya baiskeli anaweza kuielewa pampu hiyo bila taabu. Pampu ya baiskeli huchota hewa ya nje na kuisukuma ndani ya mpira, na ina kilango kidogo cha kuizuia isirudi. Guericke aliugeuza mwendo huo: kila pistoni ilipovutwa, sehemu ya hewa iliyokuwa ndani ya tufe ilitoka ikaingia katika bomba, na iliporudishwa hewa hiyo ilisukumwa nje. Hewa haiwezi kuisha yote kwa njia hiyo, kwa kuwa kila mvuto huondoa sehemu tu ya ile iliyobaki. Lakini hupungua sana.

Mwaka 1654 Guericke alikwenda Regensburg kwenye mkutano mkuu wa dola, kwa shughuli za mji wake. Habari za vyombo vyake zilikuwa zimeenea, akaombwa avionyeshe mbele ya Kaizari Ferdinand wa Tatu na wakuu wa nchi. Huyo Kaizari alikuwa mwana wa yule ambaye majeshi yake yaliiteketeza Magdeburg. Meya alionyesha kazi yake kwa adabu, wakubwa wakastaajabu, na Askofu wa Würzburg akavinunua vyombo hivyo. Katika haja ya mji hakufanikiwa: mwaka 1666 Magdeburg ulilazimika kuingia chini ya mtawala wa Brandenburg.

Onyesho lililomfanya ajulikane zaidi lilikuwa lile la farasi. Watu wengi husimulia kwamba Kaizari aliliona huko Regensburg, na hilo si kweli. Lilifanywa baadaye, kwao Magdeburg, mwaka 1657. Guericke alikuwa na mabakuli mawili ya shaba yenye upana wa sentimita 51 hivi. Aliyakutanisha kinywa kwa kinywa, na katikati akaweka pete ya ngozi iliyolowekwa katika nta na tapentaini. Hakuyafunga kwa msumari wala kwa kamba. Alivuta hewa iliyokuwa ndani, kisha wakafungwa farasi 8 upande huu na 8 upande wa pili. Farasi walivuta kwa nguvu zao zote, na mabakuli yalikataa kuachana, au yalipoachana kwa taabu kubwa yalitoa mlio kama wa mzinga. Lakini kilango kilipofunguliwa na hewa ikaingia, mtu mmoja aliyatenganisha kwa mikono yake.

Hakuna kitu ndani ya mabakuli kilichoyavuta yashikane. Ni hewa ya nje iliyoyasukuma kutoka pande zote, nayo haikupata hewa ya ndani ya kushindana nayo. Kando ya bahari, kama vile Mombasa, hewa hukandamiza kila sentimita ya mraba kwa uzito wa kilo 1 hivi, na ukipiga hesabu ya mabakuli yale utapata tani 2. Katika Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, nguvu hiyo hupungua kwa karibu sehemu moja katika sita. Mwili wa binadamu nao hubeba mkandamizo huo usiku na mchana bila kuusikia, kwa sababu hewa na maji yaliyomo mwilini husukuma nje kwa nguvu ile ile. Msomaji mwangalifu atatambua pia kwamba farasi 8 wangalitosha, kama upande wa pili ungalifungwa kwenye ukuta imara. Lakini farasi 16 hupendeza macho zaidi, na meya alijua namna ya kuwavuta watazamaji.

Alilipima tufe lake kwa mizani, mara likiwa na hewa na mara likiwa limetolewa hewa, akaona kwamba lilipotolewa hewa lilikuwa jepesi zaidi. Leo inajulikana kwamba hewa iliyojaa debe la lita 20 huko pwani ina uzito wa gramu 24 hivi, na ile iliyomo katika chumba cha mita 4 kwa 4, chenye kimo cha mita 2 na nusu, ni kilo 48, yaani zaidi ya nusu gunia la mahindi. Guericke aliona tena kwamba mshumaa huzimika mahali pasipo hewa, na kwamba ndege hufa. Sauti ya kengele iliyowekwa humo hufifia, ingawa kengele yenyewe huonekana vizuri.

Nyumbani kwake alisimamisha bomba refu la maji, lenye kimo cha mita 10 hivi, na juu yake kikaelea kisanamu cha mtu. Hewa ilipokuwa nzito maji yalipanda na kisanamu kikapanda nayo. Ilipokuwa nyepesi kilishuka. Mwaka 1660 kisanamu kilishuka kuliko ilivyo desturi, na Guericke akasema kwamba tufani iko karibu. Nayo ilikuja.

Alitengeneza pia tufe la salfa, kubwa kama kichwa cha mtoto, akalizungusha na kulisugua kwa kiganja kikavu. Lilivuta manyoya, kisha likayafukuza, na gizani lilitoa mwanga hafifu. Hiyo ilikuwa nguvu ya umeme, lakini yeye hakuitambua. Alidhani ameona mfano mdogo wa nguvu za dunia.

Habari za pampu yake zilichapishwa mwaka 1657 na padre Caspar Schott wa Würzburg. Robert Boyle wa Uingereza alizisoma, naye pamoja na Robert Hooke wakatengeneza pampu iliyo bora zaidi. Kitabu cha Guericke mwenyewe kilitoka Amsterdam mwaka 1672. Mwaka 1681 alihamia Hamburg kwa mwanawe, akafia huko mwaka 1686. Mabakuli yake ya shaba yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la ufundi mjini München.