Sayansi ya Siasa Chuo Kikuu na Kazi ya Mwalimu wa Shule ya Msingi

UTANGULIZI

Mwalimu wa shule ya msingi huulizwa na wazazi maswali mengi, na mojawapo ni hili: kijana aliyefaulu kidato cha sita, akachaguliwa kusomea sayansi ya siasa katika chuo kikuu, atapata faida gani? Katika pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam, tangu Mapinga hadi Bagamoyo mjini na kuendelea hadi Saadani, swali hili aghalabu huja na shaka ndani yake. Mzazi ambaye ni mvuvi au mkulima wa minazi huelewa mara moja kazi ya mganga, mhandisi na mwalimu. Lakini siasa, kwake yeye, ni hotuba za majukwaani, yaani jambo ambalo watu hulifanya bila kulisomea.

Mwalimu asiyelijua jibu huweza kumvunja moyo kijana mwenye kipaji, au kumpa matumaini yasiyo na msingi. Yote mawili ni madhara. Makala haya, basi, yana makusudi matatu: kueleza somo hili ni nini, kuonyesha nafasi ambazo mwenye kulisoma anaweza kuzipata, na kutoa mfano wa namna mwalimu awezavyo kuanza kazi hii katika darasa la tano au la sita.

1. MAANA YA SOMO

Hapana budi kwanza tutofautishe mambo mawili. Kufanya siasa ni kutafuta uongozi au kutetea msimamo fulani mbele ya watu. Kusoma sayansi ya siasa ni kuchunguza jinsi mamlaka yanavyopatikana, yanavyotumika na yanavyodhibitiwa. Mtaalamu wa Marekani, Harold Lasswell, katika kitabu alichokitoa mwaka 1936, alilieleza suala la siasa kuwa ni la nani anapata nini, lini na kwa njia gani. Mvuvi wa Bagamoyo anayelipa ushuru wa samaki, kisha akauliza fedha zile zimekwenda wapi, ameliuliza swali hilo hilo ingawa hajapata kukisikia kitabu chenyewe.

Mwanafunzi wa chuo kikuu hulisoma somo hili katika matawi kadhaa. Liko tawi la nadharia, linalohusu haki, uhuru na uhalali wa serikali. Liko tawi la utawala wa umma, linalohusu utumishi, bajeti na utekelezaji wa mipango. Uko ulinganisho wa mifumo ya serikali za nchi mbalimbali, na yako mahusiano ya kimataifa. Juu ya hayo yote ziko njia za utafiti: kutunga maswali, kuhoji watu, kuhesabu majibu na kuyafasiri bila upendeleo.

2. SOMO HILI NCHINI TANZANIA

Elimu ya chuo kikuu ilianza nchini Oktoba 1961, muda mfupi kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wa Sheria, nao hawakuzidi kumi na watano. Chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea.

Katika miaka hiyo Mlimani palikuwa mahali pa mijadala mikali. Mwanahistoria Walter Rodney kutoka Guyana alifundisha pale, na kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972. Yoweri Museveni wa Uganda, ambaye alisoma uchumi na sayansi ya siasa, alihitimu mwaka 1970.

Lakini tukio ambalo mwalimu anapaswa kulijua zaidi ni la tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakafukuzwa, ijapokuwa wengi walirudishwa baadaye. Rais Nyerere akapunguza mshahara wake mwenyewe. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, yakafuata Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea. Swali lililokuwa katikati ya mgogoro ule halijapitwa na wakati: msomi anadaiwa nini na wanakijiji ambao jasho lao lilimsomesha? Kijana anayekwenda kusoma siasa hana budi kulichukua swali hilo pamoja na sanduku lake.

Mfano mwingine unaonyesha thamani ya utafiti. Mwaka 1991 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa vyama. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, sheria ikabadilishwa mwaka 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo huo ukafanyika mwaka 1995. Je, wengi wakisema hivi, na uamuzi ukawa vile, demokrasia imevunjwa au imelindwa? Mwanafunzi wa sayansi ya siasa hafundishwi jibu la kukariri. Hufundishwa kupima hoja za kila upande, kutazama ushahidi, na ndipo kutoa kauli yake.

3. NAFASI ZILIZOPO

Tuseme ukweli: shahada hii haimpi mtu kazi moja yenye jina, kama ile ya uuguzi inavyompa muuguzi kazi yake. Humpa ustadi unaotakiwa katika kazi nyingi, na ni juu yake kuutafutia mahali. Nafasi hizo ni kama hizi:

(a) Utumishi wa umma: uafisa utawala katika wizara na halmashauri, na utendaji katika ngazi za tarafa na kata.
(b) Mambo ya nje na mashirika ya kimataifa. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, kilichoanzishwa na Tanzania na Msumbiji mwaka 1978, huwafunza wanaotaka njia hiyo.
(c) Utafiti. Idara ya Sayansi ya Siasa ya Mlimani ilianzisha mpango wa REDET mwaka 1992 kwa ajili ya utafiti na elimu ya demokrasia, na wahitimu wameshiriki katika kazi za namna hiyo.
(d) Uandishi wa habari, na kazi katika asasi za kiraia.
(e) Ualimu. Hapa iko tahadhari: mwenye shahada hii ambaye hakusomea elimu hupaswa kusoma stashahada ya uzamili ya elimu kabla ya kuhesabiwa kuwa mwalimu kamili.

Mzazi aelezwe pia kwamba si lazima mtu asome siasa ili awe kiongozi. Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga katika iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Bagamoyo, alisoma uchumi Mlimani, kisha akawa Rais mwaka 2005 hadi 2015. Julius Nyerere na Ali Hassan Mwinyi walikuwa walimu.

Njia ya kuingia ni mbili. Ya kwanza ni ya kidato cha sita, hasa kwa waliosoma michepuo ya sanaa kama Historia, Jiografia, Kiswahili na Kiingereza. Ya pili ni ya stashahada, na hii inakuhusu wewe, ndugu mwanachuo. Mwenye stashahada iliyofikia alama zinazotakiwa na Tume ya Vyuo Vikuu anaweza kuomba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vina idara za somo hili. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimewawezesha walimu wengi kujiendeleza bila ya kuacha kazi. Mikopo hutolewa na Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi mwaka 2005, nayo ni deni la kurejeshwa, wala si sadaka. Aidha, vitabu vingi vya chuo kikuu ni vya Kiingereza. Mtoto wa mwambao anayejivunia Kiswahili chake fasaha asidharau lugha hiyo ya pili, maana wengi hukwama pale.

4. SOMO LA MFANO: NANI HUAMUA?

Mbegu ya elimu hii haipandwi Mlimani. Hupandwa katika shule ya msingi, mahali ambapo mtoto huzoea ama kuuliza ama kunyamaza. Mfano ufuatao ni wa vipindi viwili vya dakika 40.

Shabaha: Mwisho wa somo wanafunzi waweze (i) kutaja ngazi za uamuzi katika sehemu wanayoishi, (ii) kutofautisha mtu mwenye mamlaka na mtu anayeathiriwa na uamuzi, (iii) kutoa hoja yenye sababu.

Vifaa: Ramani ya pwani iliyochorwa ubaoni, stakabadhi ya ushuru, ikipatikana.

Kipindi cha kwanza. Mwalimu aanze na mnada wa samaki ufukweni. Samaki hununuliwa na nani? Ushuru hupangwa na nani? Hukusanywa na nani? Majibu yaandikwe ubaoni. Kisha aeleze ngazi: mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, na halmashauri ya wilaya, ambayo hutunga sheria ndogo. Waelezwe kwamba halmashauri za wilaya ziliwahi kufutwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Wataona kwamba vyombo vya utawala huundwa na watu na hubadilishwa na watu.

Kipindi cha pili. Darasa lipelekwe kwenye jambo la kale lililotokea hapa hapa. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kuikabidhi Kampuni ya Kijerumani utawala wa pwani hii kwa miaka 50. Watu wa pwani hawakuulizwa. Vita vikazuka mwaka huo huo: Bushiri bin Salim aliongoza mapambano ya Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri akasimama Saadani. Bushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Bagamoyo ikawa makao ya utawala wa Kijerumani, na mwaka 1891 makao hayo yakahamishiwa Dar es Salaam.

Darasa ligawanywe makundi matatu: upande wa Sultani, upande wa Kampuni, na upande wa wakazi. Kila kundi lijibu: je, Sultani alikuwa na haki ya kukodisha pwani? Mwalimu asikubali jibu lisilo na kwa nini. Mwishoni makundi yabadilishane nafasi, ili kila mtoto atetee hoja ambayo hakuipenda. Zoezi hili la kubadilishana ndilo kiini cha somo. Asiyeweza kuieleza hoja ya mwenzake kwa haki hajawa tayari kuipinga.

5. TAHADHARI KWA MWALIMU

Zamani somo la Siasa lilikuwa na msimamo mmoja wa kufundishwa. Tangu mwaka 1992 hali si hiyo. Darasani wamo watoto wa wafuasi wa vyama mbalimbali, na siku ya uchaguzi darasa hilo hilo mara nyingi hugeuzwa kituo cha kupigia kura, pengine mwalimu mwenyewe akiwa msimamizi. Mwalimu aliyezoeleka kukipigia debe chama fulani mbele ya watoto atawezaje kuaminiwa na wazazi wao siku ile? Afundishe namna ya kufikiri, na kura yake aiweke katika sanduku.

Wala asiogope kabisa kugusa mambo ya utawala kwa kuhofia lawama. Mtoto asiyefundishwa kuuliza fedha za kijiji zimetumikaje atakuwa mtu mzima asiyehudhuria mkutano, na mahali pasipo na wahudhuriaji wachache huamua kwa niaba ya wengi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mzazi anamkataza binti yake kusoma sayansi ya siasa kwa kuwa siasa ni maneno matupu. Utamjibuje bila ya kumwahidi kazi ambayo huna uhakika nayo?
2. Linganisha mkataba wa mwaka 1888 na uamuzi wa mwaka 1992. Katika kila tukio, nani aliulizwa na nani aliamua?
3. Hudhuria mkutano mmoja wa kijiji au wa mtaa. Andika ni nani waliosema, ni nani walionyamaza, na kwa sababu gani.