Trekta la Bustani Linaporudisha Moto: Elimu kwa Wakulima Wanaotumia Injini Ndogo za Petroli



Tangu msimu wa mboga uanze, ofisi yetu imepokea malalamiko mengi kuhusu matrekta madogo ya bustani, yale yanayoongozwa kwa mikono na kuendeshwa kwa injini ya petroli. Injini inalipuka kwa kishindo, inatema moto, inazimika katikati ya tuta, au asubuhi inakataa kabisa kuwaka. Wengi mmeuliza kama mmeuziwa mashine feki. Tutalijibu hilo, lakini lipo jambo ambalo kila mmoja lazima alijue kabla hajashika spana.

USIMIMINE PETROLI KWENYE MDOMO WA KABURETA.

Tunajua inavyokuwa. Injini imegoma, jua linapanda na vibarua wanasubiri. Mtu anafungua chujio la hewa, anajaza petroli kwenye kifuniko cha chupa, anaimwaga ndani ya kabureta, na mwenzake anavuta kamba. Kwa kuwa jana iliwaka, leo wanarudia. Sasa elewa kinachotokea: injini inayorudisha moto huutoa kupitia tundu lile lile ulilomiminia petroli. Uso wako uko juu yake, na chupa iliyobaki na mafuta iko mkononi mwako.

Chujio la hewa halikuwekwa kwa ajili ya vumbi pekee. Likiwa mahali pake husaidia pia kuukinga ulimi wa moto usitoke nje. Injini isiwashwe bila chujio, hata kwa kujaribu, hata kwa dakika moja, hata kama fundi amesema hakuna neno.

Kinachowaka kwenye petroli ni mvuke wake, na mvuke huo hushika moto hata kwenye baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa ardhini hadi ukutane na cheche, sigara au jiko lililo hatua kadhaa kutoka ulipo. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, zaidi ya Watanzania 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta lililopinduka kushika moto wakati watu wakichota. Petroli iliyo kwenye chupa yako ya lita moja haina tofauti na ile.

Mlipuko unatokea wapi?

Kabla ya kufungua chochote, sikiliza. Mlipuko wa kwenye ekzosi na mlipuko wa kwenye kabureta ni magonjwa mawili tofauti.

Ikiwa mlipuko unatoka kwenye ekzosi pale unapozima tu, mara nyingi mashine ni nzima. Umeizima ikiwa bado kwenye resi kubwa, petroli isiyoungua imepita na kuwakia ndani ya ekzosi yenye joto. Punguza resi, iache ingurume taratibu kwa muda mfupi, ndipo uzime. Ikiwa inalipuka kwenye ekzosi huku ikifanya kazi, angalia choki iliyosahauliwa, chujio lililoziba, plagi nyeusi yenye masizi, waya wa plagi uliolegea, kisha valvu ya kutolea moshi.

Mlipuko wa kwenye kabureta ndio unaotutia hofu. Kwa kawaida injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo: jeti imeziba uchafu, mpira wa mafuta umebanwa, kuna maji kwenye tangi, au gaskiti kati ya kabureta na injini imechanika na kuvuta hewa. Inawezekana pia valvu ya kuingizia haifungi sawasawa, hivyo moto wa ndani ya silinda unapata njia ya kurudi. Zingatieni hili: injini yenye njaa ya petroli ndiyo inayogoma kuwaka, na ndiyo hiyo watu wanaimiminia petroli mdomoni. Hali inayowashawishi kufanya kosa ndiyo hali ambayo kosa hilo huunguza.

Kisha kuna kii ya flaiwili, kipande kidogo cha chuma kinachoishika flaiwili mahali pake kwenye shafti. Ikikatika, au nati ya flaiwili ikilegea, flaiwili husogea na cheche huja wakati usio wake. Dalili yake ni kamba kukunyang'anya mkono kwa nguvu unapovuta. Mkiona hivyo acheni kuvuta, maana kidole na kiwiko huumia. Tumekuta flaiwili zilizofungwa kwa kipande cha msumari badala ya kii. Tunalikataza jambo hilo kabisa. Kii mpya ni bei ndogo mno ukilinganisha na mkono.

Kwa wenye Honda GX160, nafasi ya plagi ni milimita 0.7 hadi 0.8. Valvu hupimwa injini ikiwa baridi, kwa vipimo vya toleo la injini yako. Injini nyingine zina vipimo vyake. Fuateni kijitabu kilichokuja na mashine. Na msipime cheche kwa kugusisha plagi kwenye hedi huku tundu la plagi likiwa wazi. Mvuta kamba anaposukuma pistoni, mvuke wa petroli hutoka kwenye tundu hilo na kukutana na cheche. Ni moto ule ule, mlango ndio mwingine.

Wenye pawatila za dizeli, injini zenu hazina plagi wala kabureta, kwa hiyo maelezo haya ya ufundi hayawahusu.

Kuhusu mashine feki

Mashine nyingi zilizoletwa kwetu hazikuwa feki. Zilikuwa na mafuta mabaya. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ilianzisha vinasaba (alama maalumu za utambuzi) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, lakini petroli ya chupa za maji barabarani haijulikani ilikopita. Ikichanganywa na mafuta ya taa huwaka vibaya, hujaza masizi kwenye plagi na kuacha mabaki yanayolipukia kwenye ekzosi. Nunueni kituoni, kwenye dumu maalumu la mafuta, na mwageni petroli iliyolala tangini tangu msimu uliopita. Injini izimwe na ipoe kabla ya kuongeza mafuta.

Moto ukitokea

Usimwage maji juu ya petroli inayowaka, yataueneza moto. Tumia mchanga au kizimamoto cha unga, na piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Asipakwe dawa ya meno, mafuta ya kula wala asali.

Ukaguzi wa bure

Huduma ya kukaguliwa mashine bure kwetu ni kwa wanachama hai wa skimu wenye stakabadhi ya ununuzi. Mashine za biashara ya kukodisha hazimo. Masharti mengine muulizeni ofisa ugani. Mafundi wetu wamezunguka skimu kwa skimu, wamefundisha vijana kusafisha kabureta, na tunasema kwa fahari kwamba hakuna mkulima aliyefika mezani kwetu akaondoka bila jibu.

Lakini hatuwezi kuwa shambani kwako saa moja asubuhi, kamba ikigoma na chupa ikiwa karibu. Ikirudisha moto kupitia kabureta hata mara moja, izime, funga koki ya mafuta, mweke mtoto mbali nayo, kisha ilete kwetu ikiwa na chujio lake na tangi likiwa tupu.