Chungu cha Maharagwe

Wavulana wengi husema kwamba jikoni si mahali pao. Lakini likizo ikifika, sote twataka kukuta maharagwe yameiva, wala hatuulizi dada zetu wamezitoa wapi kuni. Naandika kwa ajili ya hao, na kwa ndugu zetu waliomaliza masomo ambao sasa wanajipikia wenyewe mjini.

Vyombo si vingi. Kwetu Bugendana yatosha mafiga matatu, chungu kizito tukiitacho inkono, mwiko, ungo, kisu kikali na kifuniko. Kifuniko hudharauliwa, lakini mimi nakihesabu kuwa cha kwanza, na sababu yake imo katika somo la fizikia. Kule pwani, Mombasa au Dar es Salaam, maji huchemka kwa digrii 100. Milima yetu ya Gitega imeinuka meta 1,500 na zaidi juu ya bahari. Huku hewa ni nyepesi, na maji huchemka karibu na digrii 95. Ukizidisha kuni, maji hayapati joto zaidi, hugeuka mvuke tu yakaenda zake. Ndiyo sababu maharagwe yetu hukawia kuiva kuliko ya Bujumbura, kando ya ziwa. Chungu kilichofunikwa hakipotezi joto jingi, na mzigo wa kuni huchukua siku nyingi zaidi.

Basi, jioni yachague maharagwe katika ungo, toa vijiwe, yaoshe, uyaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, tia mapya yapite maharagwe kwa vidole vinne. Yaache yatokote kwa nguvu nusu saa nzima. Hapa pasiwe na haraka: maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu iletayo kutapika na kuhara, nayo huondolewa kwa kutokota hasa, si kwa kuachwa penye majivu ya moto. Kisha punguza kuni, funika, na maji yakipungua ongeza yaliyo moto. Bonyeza punje moja kwa vidole. Ikiwa na kiini kigumu, bado. Maharagwe yaliyokaa sana ghalani huweza kumaliza asubuhi yote.

Yakikaribia kulainika, tia ndizi mbichi zilizomenywa, kitunguu, chumvi na mawese kidogo. Kabla ya kumenya ndizi, paka mikono mafuta, utomvu usishike. Ndizi zikiiva, epua.