SOMO LA AFYA: MWANACHAMA ALIYEZALIWA NA KASORO YA MOYO

Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa duniani, wapatao 8 huwa na kasoro ya moyo, kama vile tundu katika ukuta unaotenga vyumba vyake. Wengi waliopasuliwa utotoni sasa ni watu wazima. Kosa kubwa ni kudhani kwamba kidonda kikishapona maradhi yamekwisha, na kuacha kliniki. Mapigo ya moyo huweza kuharibika baada ya miaka mingi.

Mambo ya kuzingatia ni haya:

1. Kupimwa kwa wakati uliopangwa, hata pasipo maumivu.

2. Kupiga mswaki kila siku. Vijidudu vya kinywani huweza kuingia katika damu na kushambulia moyo. Kabla ya jino kung'olewa, mganga wa meno aelezwe.

3. Kutovuta tumbaku.

4. Kutembea na kufanya kazi kwa kipimo alichotoa daktari. Kukaa bure nako hudhoofisha mwili.

5. Mwanamke kumwona daktari kabla ya kushika mimba.

Katibu asimpangie mwanachama huyo kubeba magunia pasipo ushauri wa daktari. Wala asimnyime kazi anayoiweza, kama ya mizani au ya vitabu vya hesabu.

Swali la kujadili: Je, chama chetu hugawa kazi kwa kuangalia afya ya kila mwanachama?