Ngazi au Jukwaa?

Likizo iliyopita nilimsaidia mjomba kupaka rangi nyumba ya ghorofa kule Keroka. Alichagua ngazi, eti kufunga jukwaa la mikaratusi kungetula siku nzima. Kumbe! Ngazi ni ya kazi ya dakika chache, kama kubadilisha balbu. Tena ina hesabu yake: ikiegemea ukuta mita 4 juu, mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani. Yetu ilikuwa wima kama mlingoti. Mjomba alipojinyoosha kufikia kona, ikalala ubavu naye akavunjika mkono. Ukuta mzima wataka jukwaa, nguzo zikanyage ubao, si tope letu la masika. Plasta imeshatolewa, lakini brashi bado anaishika kwa kushoto.